Dola ya Morgan 1893-S mnadani, dau dogo mno. Niingie au nikimbie?

MgeniWaSarafu

Wakuu habari zenu. Mimi ni mchanga kwenye haya mambo ya sarafu za kale, nina kama mwaka tu tangu nianze, na siku zote nimekuwa nanunua vitu vidogo vidogo mkono kwa mkono, yaani naishika, naigeuza, nalipa, naondoka. Sasa nimeanza kuchungulia minada ya mtandaoni na aisee huko ni bahari, kila ukifungua unakuta kitu cha kukutoa udenda.

Jana usiku nimekutana na dola ya Morgan, ile sarafu ya kale ya fedha ya Marekani, mwaka 1893, ina herufi S ya kiwanda cha San Francisco. Nimesoma kwamba mwaka huo San Francisco walitoa 100,000 tu ndo maana watu wanaitafuta kama dawa. Dau lilipofikia ni dogo mno, hata robo ya robo ya bei za minada mingine halifiki. Zimebaki siku 2.

Muuzaji kaandika kairithi kwa babu yake, yeye si mtaalamu, anaiuza kama ilivyo na hairudishwi. Picha ziko 2, mbele na nyuma, juu ya kitambaa chekundu. Nikamuuliza uzito. Kajibu fasta kweli, lakini uzito hakutaja, kasema kama niko siriasi tumalizane pembeni, ataitoa mnadani, nimrushie hela moja kwa moja benki halafu atanipunguzia.

Moyo unasema mchongo huu, akili inasema tulia. Mnaonaje? Na nyie wenyewe mnajikinga vipi huko minadani?

kopo_la_chenji

Kimbia.

Hata sijaangalia sarafu. Mtu akishakwambia mtoke nje ya mnada ameshajibu swali lako. Mnada una kumbukumbu, una sehemu ya kulalamika, una watu wa kati wa kuzuia hela, wewe ukitoka humo unabaki na namba ya akaunti na ahadi. Halafu jiulize, mtu mwenye mali halisi ya thamani hiyo kwa nini akupunguzie wakati watu wanagombania? Angekaa kimya dau lipande.

Na huyo babu, jamani. Huyo babu ameuza sarafu nyingi sana mtandaoni, sijui alizikusanya saa ngapi.

MzeeWaLenzi

@MgeniWaSarafu karibu kijana. Kopo kasema kweli kuhusu kutoka pembeni, ila ngoja nikupe upande wa sarafu yenyewe maana hiyo uliyoitaja ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana kwenye Morgan zote.

Morgan halali ina gramu 26.73, upana milimita 38.1, fedha 90% na shaba 10%. Ikiwa imechakaa kwa kupita mikono mingi itapungua kidogo, lakini ukiambiwa gramu 24 hiyo siyo Morgan, ni kipande cha chuma chenye sura ya Morgan. Ndo maana ulipouliza uzito jamaa akaruka swali. Muuzaji ambaye kweli si mtaalamu angekwambia sina mizani, basi. Kuruka swali ni kitu kingine.

Lakini usije ukadhani uzito ukikaa sawa umemaliza. Kwenye hii 1893-S kuna mchezo wa pili ambao ni mbaya zaidi. Mwaka huo huo Philadelphia nao walitoa Morgan, zenyewe hazina herufi ya kiwanda. Fundi anachukua ya Philadelphia, halali kabisa, fedha halali, uzito halali, anabandika kaherufi S nyuma pale chini ya shada la majani, juu ya neno DOLLAR. Sumaku haitakwambia kitu, mizani haitakwambia kitu.

Sasa dawa yake hii hapa. Zile 1893-S upande wa kichwa zilipigwa kwa chuma kimoja tu cha kupigia, na hicho chuma kilikuwa na mkwaruzo. Kwa hiyo kila halali ina alama ile ile: angalia neno LIBERTY kwenye taji la yule mama aliyechorwa upande wa kichwa, nenda kwenye herufi T, pale juu kwenye kichwa cha T utaona kamstari kadogo kamelala mshazari. Kameinuka, hakajachimbika. Kwenye mguu wa R nako kuna vidonda vidogo vimeinuka. Ikiwa T ni safi na sarafu haijachakaa mpaka herufi zikafutika, basi S hiyo imebandikwa au kitu chote ni feki.

Mwombe picha ya karibu ya LIBERTY na picha ya ukingo, yale meno meno ya pembeni. Ukingoni ndiko sarafu za kumiminwa kwenye kalibu zinakoonyesha mshono.

MgeniWaSarafu

Mzee wa Lenzi Mungu akuweke. Nimeikuza ile picha ya kwanza mpaka simu ikapata moto na KAMSTARI KAPO!! Kamelala vile vile ulivyosema, juu ya T. Sasa hapo si ina maana ni halali? Maana nimeshaanza kutetemeka hapa.

MzeeWaLenzi

Tulia kwanza. Ina maana sarafu iliyopigwa picha huenda ni halali. Wewe unanunua sarafu, hununui picha.

Ichukue hiyo picha uitafute kwa njia ya kutafuta picha kwa picha, zile huduma za kupakia picha inakuonyesha imetokea wapi kwingine. Kata ule ukingo wa kitambaa ubaki na sarafu peke yake, halafu jaribu na nyuma yake pia. Ikikataa, tazama makovu. Kila sarafu iliyotembea ina makovu yake kama sisi, mkwaruzo shavuni, kitobo karibu na nyota, doa. Hayo hayafanani sarafu mbili.

BidiUsikuWaManane

Wakati anatafuta ngoja mimi niseme kuhusu mnada wenyewe, maana watu wengi wanapigwa na sarafu halali kabisa, yaani sarafu hana shida nayo ila kalipa mara mbili ya thamani yake kwa sababu ya joto la mnada.

Kwanza ada. Kwenye nyumba nyingi kubwa za minada bei nyundo inapogonga siyo unayolipa, kuna ada ya mnunuzi juu yake, 20% ni kawaida kabisa. Ukiongeza usafirishaji, bima, na ushuru kama mzigo unavuka mpaka, unakuta ile ya 100 imefika 140 hujakohoa. Mimi nafanya hesabu kinyumenyume, naanza na kiasi cha mwisho nilicho tayari kukitoa mfukoni, natoa usafiri na ushuru, kinachobaki nagawa kwa 1.2, jibu ndo dau langu la juu. Naliandika kwenye karatasi. Karatasi siyo simu, simu unafuta.

Pili, minada mingi inakuruhusu kuweka kiwango chako cha juu halafu mtambo unakupandia kidogo kidogo kila mtu akikupita, mpaka kifike hapo. Kitumie, lakini usikiweke mapema, mimi naweka zikiwa zimebaki sekunde chache kabisa. Ukiweka siku 3 kabla unawapa watu muda wa kukupima. Kuna minada inaongeza muda kila dau jipya likiingia dakika za mwisho, hapo ujanja huu haufanyi kazi, soma masharti.

Tatu wapambe. Fungua orodha ya walioweka madau. Ukiona mtu mmoja ana akaunti mpya, anapandisha kila sarafu ya muuzaji huyo huyo, hashindi hata moja, na kila mara anaacha hatua moja tu chini ya mshindi, huyo si mnunuzi mwenzio, ni mtu wa muuzaji. Mimi kuna mmoja nilimfuatilia wiki 3 kama naangalia tamthilia, mnada wa jumatano yupo, wa jumapili yupo, na siku muuzaji wake haweki kitu na yeye hayupo. Nikamripoti nikahama.

Nyingine hii wengi hawaijui: umeshindwa mnada, kesho yake unapata barua pepe eti mshindi kajitoa, wewe ndo uliyefuata, lipa hapa upewe. Kuna wauzaji wanafanya hivyo kihalali lakini taarifa inakuja ndani ya akaunti yako ya mnada. Ikija kwenye barua pepe tu na kiungo chake cha kulipia, futa.

MgeniWaSarafu

Wakuu nimerudi.

Nimeipata. Picha ile ile, mkwaruzo ule ule unaoanzia chini ya sikio unashuka shavuni, kitambaa chekundu kile kile. Iliuzwa kwenye mnada mwingine miaka kadhaa nyuma, na hapo imo kwenye lile kasha gumu la plastiki lenye gredi (namba ya ubora), jamaa kaichezea picha kufuta kasha. Nimemuuliza tena kistaarabu, naomba picha ya leo, sarafu iwe juu ya karatasi yenye tarehe na jina lako la mnadani. Kasema simu yake imeharibika kamera.

Kamera imeharibika lakini ujumbe anajibu ndani ya dakika moja.

kopo_la_chenji

😂😂😂 pole ya kamera

Ripoti hiyo akaunti sasa hivi kabla hajaifunga, mwingine hatakuja kuuliza huku kama wewe.

ShabaNaFedha

Mimi nasoma hapa kimya ila nina swali la kizushi. Kwa nini tujitese na lenzi na mistari ya T, si mtu anunue tu zilizoko kwenye makasha ya gredi, zile za kampuni za kupima sarafu, PCGS na NGC? Wameshapima, wameshatoa namba ya 1 mpaka 70, wameandika na jina la sarafu, hesabu imeisha. Naona kama mnamtisha dogo bure.

MzeeWaLenzi

Swali zuri na jibu ni ndiyo, kwa 1893-S au chochote cha bei hiyo mimi mwenyewe sinunui mtandaoni ikiwa uchi, lazima iwe kwenye kasha. Ila makasha nayo yanaghushiwa. Nitakwambia yangu ingawa inaniuma mpaka leo.

Niliona dola moja ndani ya kasha, lebo safi, namba ya cheti ipo. Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni ya gredi nikaandika namba ile, ikatoka: aina ile ile, mwaka ule ule, gredi ile ile. Nikajiona mjanja. Nikashinda, nikalipa, mzigo ukaja, na kwa wiki nzima nikawa naionyesha watu. Siku moja nafungua tena ile kurasa ya cheti, nikaona kumbe kuna picha ya sarafu chini nilikuwa sijaishusha kuiangalia. Ya kwenye picha ina doa la rangi ya chai karibu na bawa la tai. Yangu haina doa. Walichukua namba ya kweli wakaichapa kwenye lebo ya uongo, na ndani wakatia feki. Muuzaji akaunti ilishakufa na muda wa kudai nao ulikuwa umepita siku 4 tu.

Kwa hiyo namba pekee haitoshi, linganisha sarafu na picha ya cheti, kovu kwa kovu. Angalia na kasha lenyewe: maandishi ya lebo yakoje, plastiki ina mawimbi, mshono wa pembeni umewahi kufunguliwa na kugundishwa. Na usome lebo yote. Kuna zingine hazina namba ya gredi kabisa, zimeandikwa neno Details na sababu, kwamba imesafishwa au imekwaruzwa. Hiyo ni halali lakini thamani yake iko chini sana, na wauzaji wengine wanapiga picha kwa pembe ambayo hilo neno linamezwa na mwanga.

ShabaNaFedha

Dah. Siku 4. Pole mzee, narudisha maneno yangu.

Ila hapo kwenye kusafishwa nisaidieni, mbona mimi naona inayong'aa ndo nzuri?

Mama_Albamu

Naomba hilo nilijibu mimi maana ndo ugonjwa wangu 😄 Kung'aa kuko kwa aina mbili. Sarafu ya fedha ambayo haijaguswa ukiizungusha chini ya taa moja mwanga unakimbia juu yake kama spoku za baiskeli inayozunguka, unatoka katikati unaenda nje unazunguka. Iliyosuguliwa inang'aa tu yote kwa pamoja kama kijiko, mwanga hautembei, na ukiikuza unaona mikwaruzo myembamba mingi imelala upande mmoja, njia ya kitambaa hiyo. Picha moja iliyoganda haiwezi kukuonyesha hili, kwa hiyo mimi siku hizi naomba video, sekunde 10 tu, aishike kwenye ukingo aizungushe chini ya taa. Muuzaji mzuri anatuma bila kuuliza mara mbili, wengi wao na wenyewe ni wagonjwa wa sarafu kama sisi, wanafurahi ukiwauliza.

Na ukiipata jamani USIISAFISHE. Hata kwa sabuni ya mtoto.

Halafu nyingine, jihadharini na maneno ya kwenye tangazo. Sarafu ya thaler ya Maria Theresa, ile ya fedha ya malkia wa Austria, imeandikwa 1780, watu wanaitangaza "ya mwaka 1780, zaidi ya miaka 200!" na mtu anatoa hela ya mwaka 1780. Malkia alifariki mwaka huo, na toka hapo ikaendelea kupigwa ikiwa na tarehe ile ile 1780, Vienna, na baadaye mpaka Rome, London, Bombay. Gramu 28 na ushee, fedha halali kabisa, siyo feki hata kidogo. Ila nyingi ni za karne ya 20, bei yake inakaribiana na ya fedha iliyomo. Hapo hujadanganywa na sarafu, umedanganywa na tangazo.

BidiUsikuWaManane

Hilo la Maria Theresa linanikumbusha yale matangazo ya "roli ambayo haijachambuliwa", yaani fungu la sarafu linalodaiwa nzuri zake hazijatolewa. Ndugu yangu imechambuliwa. Imechambuliwa mara tatu.

Bado hatujagusa malipo na ndo mahali pa kuokoa roho. Kadi ya mkopo au njia yenye ulinzi wa mnunuzi, basi. Kwenye PayPal kuna kulipia bidhaa na huduma, na kuna kutumia familia na marafiki, hiyo ya pili haina ulinzi wa mnunuzi, na ndo tapeli atakayokuomba kwa kisingizio cha kukwepa makato. Hela ya benki moja kwa moja, hela ya kutuma kwa wakala, kadi za zawadi, sarafu za kidijitali, ikishatoka imetoka.

Mzigo ukifika piga video kabla ya kukata gundi, lebo ionekane, kata, toa, weka kwenye mizani, yote ndani ya video moja bila kukatisha. Mimi hii iliniokoa mara moja, bahasha ilikuja imefungwa vizuri na ndani kuna washa ya chuma ya bolti. Niliwatumia video, hela ikarudi.

MgeniWaSarafu

Leteni pongezi kidogo, narudi baada ya wiki 3.

Ule mnada wa 1893-S niliuripoti ukafungwa kabla ya muda. Mimi nimeshindana kwingine, nimepata Morgan ya kawaida tu, 1881-S, zile zilizotengenezwa kwa mamilioni. Muuzaji ana miaka kibao anauza sarafu tu, alinitumia video ya kuzungusha, anapokea kurudishiwa. Dau langu niliandika kwenye karatasi nikaishikilia, kuna moja ya kwanza ilinipita kwa hatua moja na niliuma meno lakini sikuongeza.

Imefika jana. Mizani inasema 26.7, kifaa cha kupimia upana kinasema 38.1, sumaku haishiki. Swali, naweza kuipima zaidi bila kuiharibu? Maana bado nina wasiwasi wa kimgeni.

MzeeWaLenzi

Hongera. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala pembeni. Utaona mizani inasoma kitu. Kwa Morgan halali inatakiwa isome kama 2.6. Uzito wa sarafu ukigawa kwa hiyo namba unapata 10.3 hivi, ndo msongamano wa fedha ya 90%, yaani ni nzito mara ngapi kuliko maji. Ukitoa, ikaushe kwa kuigandamizia kitambaa laini, usisugue.

MgeniWaSarafu

Imesoma 2.59!! Uzi wenyewe nimechomoa kwenye shati langu la kazini, sasa kifungo kimoja hakipo.

Mama_Albamu

Karibu kwenye chama. Weka picha ya mkia bwana, tuone lile tai.